Hatua Ile Ile, Matokeo Tofauti: Uchambuzi wa Kisa cha Msichana wa Miaka 9 Mbele ya Ubao wa Sataranji

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu msichana wa miaka 9 aliyejiunga na kikundi cha watoto 12 ninachokiongoza mara moja kwa wiki kwa ajili ya michezo ya ubao inayohitaji mkakati. Nimemfuatilia kwa miezi minne, nikiandika michezo yake katika daftari, kwa sababu tangu wiki ya kwanza alinilazimisha kuyahoji mambo niliyokuwa nimezoea kuwaambia wazazi. Tunasema kwa urahisi mno kwamba sataranji humfundisha mtoto kufikiri. Msichana huyu alinifanya niulize ni kufikiri kwa namna gani, kunafundishwa na nini hasa, na kunaishia wapi mtoto anapoinuka mezani.

Mama yake alimleta akiwa na tumaini moja la wazi. Alama za binti yake katika hisabati zilikuwa zimeshuka, naye alikuwa amesikia kwamba sataranji huinua akili. Katika mazungumzo yetu ya kwanza aliniambia pia jambo alilolitaja kwa kupitia tu, nami nikalipigia mstari daftarini: mwalimu wa darasa alikuwa amemweleza kwamba mtoto anajua kuhesabu, ila huanza kuandika jibu kabla hajamaliza kusoma swali.

Mchezo wa kwanza

Aliketi upande wa kete nyeusi, akimkabili mvulana wa miaka 10 aliyekuwa amecheza karibu mwaka mzima. Kwa msomaji asiyeujua ubao huo, inatosha kusema kwamba una miraba 64, kila upande una kete 16, na kila mraba una jina linaloundwa kwa herufi ya safu ya wima na namba ya mstari wa mlalo. Hatua moja mbele ya mfalme mweusi, kwa upande wake wa kushoto, kuna kitunda, yaani mojawapo ya kete ndogo za mstari wa mbele, kilichosimama katika mraba wa f7. Mwanzoni mwa mchezo kitunda hicho hakilindwi na kete yoyote isipokuwa mfalme mwenyewe, na kila anayefundisha watoto anajua kwamba wengi huangukia hapo.

Mvulana alisogeza kitunda cha mbele ya mfalme wake miraba miwili, naye msichana akafanya vivyo hivyo. Mvulana akamtoa malkia hadi h5, ukingoni mwa ubao. Msichana akaona kwamba malkia huyo anakinyemelea kitunda chake cha katikati, akamleta farasi hadi c6 ili akilinde, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Mvulana akamleta askofu hadi c4. Hapo msichana akatabasamu, akampeleka farasi wake wa pili f6, akasema kwa sauti iliyosikika meza zote, "Mwalimu, ona, namla malkia wake!" Vidole vyake vilikuwa havijamwachia farasi sawasawa pale mvulana alipomshusha malkia juu ya kitunda cha f7. Mfalme alikuwa amefungwa, na hapo ndipo mchezo huisha: hakuweza kumla malkia, kwa sababu askofu alikuwa akimlinda kutoka mbali, na hakuwa na mraba wa kukimbilia. Mchezo mzima haukufika dakika mbili. Msichana alizifagia kete kwa kiganja, nyingine zikadondoka sakafuni, akasema ameibiwa.

Jioni ile niliuchora mchezo huo upya na kuutazama kwa muda mrefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu kinachohitajika ili kukielewa kisa hiki. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mtoto hakufikiri, lakini kusema hivyo si kumtendea haki. Alifikiri, na alichokiona kilikuwa cha kweli, kwa maana farasi aliye f6 humtisha malkia aliye h5. Lau ingekuwa zamu yake mara mbili mfululizo, angemla. Alilolikosa ni swali moja tu, nalo ni hili: zamu inayofuata ni ya mwenzangu, je, yeye anataka nini? Alimwona malkia kama windo, asimwone kama mwindaji.

Watoto wa umri huo huwa tayari wanajua kwamba watu wengine wana nia na mawazo yao. Si kwamba hawana uwezo wa kujiuliza. Ni kwamba furaha ya wazo lao wenyewe huwafikia kwanza na kuupeleka mkono kwenye kete kabla swali la pili halijapata nafasi. Na hapo nikakumbuka maneno ya mwalimu wa darasa. Anayejibu kabla ya kumaliza kusoma swali na anayecheza kabla ya kuisoma nia ya mwenzake wanafanana sana, ingawa, kama nitakavyoonyesha, kufanana huko kulinidanganya kwa kiasi fulani.

Jibu nililompa, na madhara yake

Wiki iliyofuata nilifanya kosa ambalo naamini hufanywa na wakufunzi wengi wenye nia njema. Nilimketisha, nikampangia kete kama zilivyokuwa kabla ya hatua yake ya mwisho, nikamwonyesha jibu. Kitunda cha g7, nilimwambia, kisogeze mraba mmoja hadi g6. Kitasimama katikati ya njia ya mshazari anayoitumia malkia kufika f7, na papo hapo kitamtisha malkia mwenyewe, kwa hiyo atalazimika kuondoka. Alirudia mara tatu, akafurahi, akaenda kumtafuta mvulana yule yule.

Mvulana, kwa bahati ambayo sasa naishukuru, alibadilisha mpangilio. Alianza na kitunda cha mfalme, kisha akamleta askofu c4, kisha akamtoa malkia, safari hii si hadi h5 bali hadi f3. Msichana alimwona malkia, akamwona askofu, akakumbuka somo, akasogeza kitunda hadi g6 kwa uhakika wa mtu aliyejiandaa. Malkia aliteremka moja kwa moja katika safu ya f, ambayo ilikuwa wazi kabisa, akala f7, mfalme akafungwa kwa mara ya pili.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana sijawahi kuona ubao ukisema jambo kwa uwazi namna hii. Malkia akiwa h5, kitunda cha g6 kinaokoa, na farasi wa f6 ni kifo. Malkia akiwa f3, kitunda cha g6 ni kifo, na farasi wa f6 anaokoa, kwa kuwa anasimama katikati ya safu na kuiziba njia. Hatua zile zile mbili zimebadilishana nafasi. Farasi aliyemponza wiki ya kwanza ndiye angemwokoa wiki ya pili, nami, kwa kumpa jibu badala ya swali, nilikuwa nimemfundisha kumwogopa.

Safari hii hakuzifagia kete. Alinitazama akasema, "Lakini nimefanya ulivyosema, Mwalimu." Hakuwa akilaumu, alikuwa ameshangaa kweli. Sikuwa na jibu la kumridhisha isipokuwa kukiri kwamba nilimfundisha vibaya, nami nilikiri mbele ya mvulana.

Swali badala ya jibu

Kuanzia wiki ya tatu tulibadili utaratibu, na hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa naamini mtoto hujifunza kutokana na utaratibu huu zaidi ya kete zenyewe.

Jambo la kwanza lilikuwa la mwili. Nilimwomba akalie mikono yake wakati wa zamu yake, mpaka atakapokuwa amejijibu kimoyomoyo swali moja: kete aliyoisogeza mwenzangu sasa hivi inaangalia wapi? Sikumtaka awaze hatua tano mbele. Hata hatua mbili ni nyingi kwa anayeanza, kwa sababu kwenye hatua ya kwanza peke yake upande mweupe una chaguo 20, na baada ya kila upande kucheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa katika mojawapo ya hali 400. Mtoto akiambiwa "fikiria mbele" bila kuonyeshwa pa kuanzia, huzama humo. Akiambiwa aitazame kete moja iliyotoka kuguswa na afuate kwa macho miraba inayofikiwa nayo, ana kazi inayolingana na uwezo wake.

Kanuni ya kugusa pia ilitusaidia. Katika mashindano rasmi, kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza ndiyo unayolazimika kuicheza. Watoto huiona kuwa kanuni ya ukali, na wazazi wengine huniomba niilegeze. Kwa msichana huyu niliona faida yake: kanuni hiyo inafanya tofauti kati ya kuwaza na kutenda ionekane kwa macho. Mkono ukiwa chini ya paja, bado unawaza na bado una uhuru wote. Mkono ukifika kwenye kete, umeshaamua. Katika maisha ya mtoto mambo machache huonyesha mpaka huo kwa usafi kama huu.

Jambo la pili lilikuwa kuurudia mchezo ulioshindwa. Tuliandika kila hatua, na baada ya mchezo wachezaji wote wawili waliketi pamoja na kuupanga upya. Kila nilipomuuliza msichana alikosea wapi, mwanzoni alikuwa akionyesha hatua ya mwisho, ile iliyomfunga. Nikamwambia arudi nyuma hatua moja na aniambie kama hapo palikuwa na njia ya kutoka. Ikiwa hapakuwa nayo, arudi tena. Kazi hii ya kutafuta mahali ambapo mlango ulikuwa bado wazi ilimchukua wiki kadhaa kuizoea. Katika wiki ya saba aliniita mwenyewe akaniambia kwamba mchezo wake aliupoteza kwenye hatua ya 11, ingawa aliendelea kucheza hadi ya 26. Nilihakikisha, na alikuwa sahihi: katika hatua ya 11 alikuwa amemwondoa farasi aliyekuwa akilinda kete mbili kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwafundisha watu wazima wasioweza kufika hapo, kwa kuwa wanaposhindwa hutaka kuondoka haraka mezani.

Kuhusu mvulana nitasema machache. Ushindi wake wa hatua chache ulikuwa umemzuia kujifunza kwa karibu mwaka mzima. Watoto walipoanza kuuona mtego, malkia wake aliyetoka mapema alifukuzwa kutoka mraba hadi mraba, na kila alipokimbia, mwenzake alipata nafasi ya kuzitoa kete zake. Alishindwa michezo mingi mfululizo, akanuna, kisha akaanza kucheza vizuri.

Kushindwa bila mahali pa kujificha

Katika michezo inayotumia dado, mtoto akishindwa anaweza kusema dado imemkataa, na mara nyingi ni kweli. Hata katika Catan, mchezo unaodai mipango na majadiliano mengi, dado ndiyo inayoamua nani apate mali katika zamu fulani, na nadhani hilo ni jema kwa mtoto ambaye bado hawezi kubeba kushindwa kwa mikono miwili. Sataranji haina kimbilio hilo. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, hakuna karata iliyofichwa, na aliyeshindwa ameshindwa kwa hatua alizozichagua mwenyewe.

Ndiyo maana msichana huyu alisema ameibiwa. Alikuwa anatafuta pa kuweka uzito ambao ubao haukumpa mahali pa kuuweka. Wapo wanaoamini kwamba kushindwa mara nyingi humkomaza mtoto kwenyewe. Mimi sikubaliani. Nimewaona watoto walioshindwa mara nyingi na wakajifunza jambo moja tu, kwamba wao si wa mchezo huo, wakaacha. Kilichombadilisha huyu, kwa jinsi nilivyoona, ni kwamba kushindwa kuligeuzwa kuwa kitu cha kuchunguzwa, chenye mwanzo, sababu na namba ya hatua. Mtoto anayesema "nilipoteza kwenye hatua ya 11" amejitenga kidogo na maumivu, kwa sababu sentensi hiyo inaihusu hatua, haihusu thamani yake kama mtu. Kwa mtoto aliyepungukiwa na nafasi hiyo kabisa ningeanza na mchezo wa kushirikiana, au drafti, ambayo kete zake ni 12 kwa kila upande na kanuni zake hueleweka kwa muda mfupi, na wala nisingeona kwamba nimemshushia hadhi.

Hisabati

Katika mwezi wa nne mama yake aliniuliza swali alilokuwa na haki ya kuliuliza tangu mwanzo: "Mwalimu, mbona alama za hesabu ziko pale pale?" Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba zitapanda. Sikusema hivyo, na hapa ndipo nilipolazimika kutenganisha ninayoyapenda kuhusu mchezo huu na ninayoyajua.

Nchini Uingereza, taasisi ya utafiti wa elimu iitwayo Education Endowment Foundation ilichapisha mwaka 2016 tathmini ya mpango wa kufundisha sataranji katika shule za msingi. Shule 100 zilihusishwa, watoto wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 10, na waliofundishwa walipangiwa takriban saa 30 za masomo na wakufunzi wa mchezo huo. Mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika, watoto waliofundishwa hawakuonyesha tofauti katika hisabati wakilinganishwa na wenzao ambao hawakufundishwa. Matokeo haya hayasemi kwamba mchezo hauna faida, wala hayazuii nchi kama Armenia, iliyouingiza katika ratiba ya lazima ya shule za msingi mwaka 2011, kuuthamini kwa sababu zake. Yanasema tu kwamba ahadi ile, ya kucheza hapa ili kufaulu kule, haijitimizi yenyewe.

Sababu moja ya jambo hilo inadokezwa na utafiti wa zamani zaidi. Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia William Chase na Herbert Simon walieleza majaribio ambamo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde chache kisha wakatakiwa kuzipanga kete kama walivyoziona. Kete zilipokuwa zimetoka katika mchezo halisi, bingwa alikumbuka nyingi kuliko anayeanza, tena kwa mbali. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu yake kwa jumla haikuwa imekua kuliko ya wengine. Alikuwa amejifunza maumbo ya ubao ule, kwa maelfu, na nje ya maumbo hayo alirudi kuwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo nilipodhani kwamba msichana aliyejifunza kuisoma nia ya malkia atakuwa amejifunza pia kusoma swali la hesabu, nilikuwa nimedanganywa na ule mfanano niliouona wiki ya kwanza.

Hata hivyo sikutaka kuishia hapo. Nilimwomba mama alete karatasi mbili za maswali ya maneno ambayo binti alikuwa ameyakosea. La kwanza nilimpa bila kusema neno, naye akalifanya kama zamani, akajumlisha namba mbili za mwanzo alizoziona, akakosa. La pili nilimwambia akalie mikono. Alicheka, akaikalia. Kisha nikamuuliza, "Swali hili linataka nini?" Alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akasoma tena, akasema, "Linataka zilizobaki, si zote." Akalifanya sawasawa.

Swali moja si ushahidi wa jambo lolote kubwa, nami sidai hivyo. Lakini tofauti kati ya karatasi ya kwanza na ya pili ilinionyesha kitu ninachokitumia sasa na watoto wote. Desturi aliyoipata kwenye ubao haikuvuka yenyewe kwenda kwenye karatasi. Ilivuka ilipoitwa kwa jina na mtu aliyekuwepo sehemu zote mbili. Mama akaomba niandike swali hilo kwenye kipande cha karatasi, akalibandika ukutani anapofanyia binti kazi za shule. Kama alama zitapanda, nitapenda sifa hiyo iende kwake kabla ya kwenda kwa sataranji.

Alipofikia sasa

Bado hucheza haraka anapokuwa mbele kwa kete nyingi, na michezo mitatu ya mwezi uliopita aliipoteza kwa namna hiyo. Bado machozi humlenga akishindwa na kaka yake, ingawa si akishindwa na wengine. Mvulana wa mchezo wa kwanza ndiye ambaye msichana humchagua mara nyingi zaidi, na kabla ya kila mchezo humwuliza kwa uso mkavu kama leo malkia atatoka mapema.

Wiki ijayo tunaanza miisho ya mchezo: mfalme na kitunda kimoja dhidi ya mfalme aliye peke yake. Nimempa mpangilio mmoja aupeleke nyumbani, ambao ni ushindi kwa kete nyeupe, zenye kitunda, ikiwa ni zamu ya kete nyeusi, na ni sare ikiwa ni zamu ya kete nyeupe, bila kete yoyote kubadilishwa mahali pake. Aliutazama kwa muda akiwa amekalia mikono, akaniuliza inawezekanaje aliye na zamu ya kucheza awe ndiye anayeharibikiwa. Nikamwambia aje na jibu lake.